Wanaga: Zaidi ya miaka 70 ya kudai uhuru

Wanaga ni jamii ya makabila mengi, wakiwemo Angami, Ao, Sumi, Konyak na Tangkhul, wanaoishi katika milima iliyo mpakani mwa India na Myanmar. Kila kabila lina lugha yake. Dai lao la kujitawala ni kati ya migogoro mikongwe zaidi barani Asia, na mpaka leo halijapata ufumbuzi.

Mwaka 1929 wawakilishi wao waliiandikia Tume ya Simon, iliyotumwa na Uingereza kuangalia utawala wa India. Waliomba kwamba Waingereza wakiondoka, Wanaga waachwe wajiamulie mambo yao kama zamani. Hawakusikizwa. Tarehe 14 Agosti 1947, siku moja kabla ya uhuru wa India, Baraza la Kitaifa la Wanaga (NNC) lilitangaza uhuru wao. Mwaka 1951, chini ya Angami Zapu Phizo, liliendesha kura ya maoni na kusema asilimia 99 wameunga mkono. India haikuitambua.

Mwaka 1956 Wanaga waliunda serikali yao na wapiganaji wakaingia msituni. India ikatuma jeshi, vijiji vikachomwa moto. Phizo alikimbilia London, akafariki huko mwaka 1990 bila kuuona uhuru aliouhubiri.

India ilijaribu pia njia ya mapatano. Mwaka 1963 iliunda jimbo la Nagaland, lakini Wanaga wengi walibaki nje ya mipaka yake, katika majimbo ya Manipur, Assam na Arunachal Pradesh, na wengine Myanmar. Mwaka 1975 baadhi ya viongozi wa NNC walitia saini Mkataba wa Shillong na kukubali katiba ya India. Isak Chishi Swu, Thuingaleng Muivah na S. S. Khaplang waliuita usaliti, na mwaka 1980 wakaanzisha chama cha NSCN. Mwaka 1988 nacho kikapasuka, wapiganaji wakageuziana bunduki. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Kundi la Swu na Muivah lilisimamisha vita mwaka 1997, na mwaka 2015 likatia saini makubaliano ya awali na serikali ya India. Yaliyokwamisha mkataba wa mwisho ni bendera na katiba ya Wanaga, ambavyo Muivah amekataa kuviacha. Dai la kuunganisha ardhi zote za Wanaga nalo lapingwa na majirani, hasa Wameitei wa Manipur.

Anayeumia ni mwananchi. Sheria ya mwaka 1958 inawapa wanajeshi ruhusa ya kukamata bila hati na hata kuua kwa risasi, na hawashtakiwi bila idhini ya serikali kuu. Tarehe 4 Desemba 2021, karibu na kijiji cha Oting, wanajeshi waliimiminia risasi gari la wachimba makaa ya mawe waliokuwa wakirudi nyumbani. Sita walikufa. Ghasia zilipozuka, raia waliouawa walifika 14. Serikali ilisema ni makosa ya kutowatambua, kisha ikakataa kutoa idhini ya kuwashtaki wahusika.

Bunduki nyingi zimenyamaza, lakini kwa wafiwa wa Oting, kusimamisha vita si sawa na kupata haki.