Baiskeli ya Mjomba Haikutoka Kiwandani

Mwaka 2022 mjomba wangu alinipigia simu kutoka Kataboi akaniuliza kilo moja ya chuma ni pesa ngapi Nairobi. Mvua ilikuwa imekataa msimu baada ya msimu, mbuzi wake walikuwa wamebaki wa kuhesabu kwa vidole, na wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamerudi kazini baada ya serikali kuondoa marufuku ya biashara hiyo mwezi wa Mei.

"Ile baiskeli," akasema. "Naona inafika kilo ishirini."

Mimi ni mgonjwa wa baiskeli za zamani. Wenzangu wakiweka pesa wanunue simu, mimi natafuta kengele ya shaba. Nikamwambia, mjomba, usiuze, nakuja. Na kusema kweli, sikuwa naenda kumwokoa mjomba. Nilikuwa naenda kuokoa Raleigh.

Kama hujawahi kuiona, hii ndiyo ile baiskeli Wakenya huita Black Mamba: nyeusi, ndefu, magurudumu ya inchi 28, giya moja, breki za fito za chuma badala ya waya. Kampuni ya Raleigh ilianza mwaka 1887 Nottingham, Uingereza, kwenye barabara yenye jina hilohilo. Nembo yake ni kichwa cha korongo, na kwenye zile nzuri utawaona korongo wamekatwa ndani ya gurudumu la meno linalovuta cheni. Enzi za ukoloni waliitangaza Afrika kwa picha ya mtu anapiga pedali huku simba anamkimbiza nyuma. Ujumbe ulikuwa wazi: chuma hiki hakitakuangusha. Kwa mwalimu, karani au katekista wa wakati huo, kuwa na Raleigh ilikuwa kama kuwa na Prado leo.

Baadaye umbo lilelile likaanza kutoka kwingine. India ilileta Atlas mwaka 1951 na Hero ya Ludhiana mwaka 1956. China ikaleta Phoenix ya Shanghai. Nottingham yenyewe iliacha kuunda baiskeli mwaka 2002, na Atlas ilifunga kiwanda chake cha mwisho Juni 2020, siku ileile ya Baiskeli Duniani. Ndiyo maana watu kama mimi hutafuta kila kipuri cha asili kama dhahabu. Italia kuna safari ya baiskeli za zamani, L'Eroica, iliyoanza mwaka 1997, na kanuni yake inataka hasa baiskeli zilizotengenezwa 1987 au kabla. Hiyo ndiyo dini yetu: irudi ilivyotoka kiwandani.

Basi nikapanda basi na boksi la vipuri: pedali, fito za breki, na nembo ya korongo niliyoinunua kwa bei ambayo sitaitaja. Kitale, Lodwar, kisha Kalokol. Kutoka hapo ni mchanga, mikoma na upepo wa ziwa mpaka Kataboi.

Mjomba akaitoa baiskeli nyuma ya nyumba. Wueh. Fremu ilikuwa Raleigh, na wale korongo wa kwenye meno walikuwepo. Vingine vyote, hapana. Gurudumu la mbele Phoenix, usukani Hero, keria imechomelewa kwa nondo za ujenzi, kiti kimesukwa kamba ya majani ya mkoma. Nikafungua boksi, nikaanza kulegeza nati. Mjomba akavuta ekicholong yake, akaketi, akawa ananiangalia.

"Hiyo unatoa, unajua nilipata wapi?"

Sikujua. Akanieleza, na kila nati niliyogusa ilikuwa na mwaka wake.

Fremu ni ya Lopiar, ile njaa ya 1979 hadi 1981 iliyomaliza mifugo ya Turkana. Mjomba alikuwa kijana mwenye ng'ombe, akabaki kijana bila ng'ombe. Kama wengi, akashuka ziwani kuvua. Samaki wa kukausha walipandishwa malori ya Kitale, na pesa ya misimu miwili ikanunua Raleigh mtumba hukohuko Kitale. Wakati huohuo Kalokol kulikuwa kunafunguliwa kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway. Kilifanya kazi kwa muda mfupi tu, kwa sababu kupoza samaki kwenye joto lile kuligharimu kuliko samaki mwenyewe. Jengo likabaki. Baiskeli ya mjomba ikaendelea kubeba samaki.

Gurudumu la Phoenix lilitoka Kakuma. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, vijana wa Sudan walipofika baada ya kufukuzwa na vita Ethiopia, na soko lake likawa kubwa kuliko miji mingi ya huku. Mjomba alibadilishana na kijana mmoja: gurudumu moja kwa mzigo wa samaki wakavu. Hawakuwa na lugha moja, wakaelewana kwa vidole.

Ndani ya tairi kuna tairi lingine lililokatwa. Hiyo ni kwa sababu ya etirae, ule mti ambao huko Baringo wanauita mathenge. Ulipandwa nchi kavu kuzuia jangwa, ukaenea kila mahali, na mwiba wake hupita mpira kama sindano kwenye sufi. Kiraka na gundi haviwezi kushindana nao.

Nilipofika kwenye pedali nikakwama. Raleigh za zamani zilikuwa na ujeuri: skurubu za pale pedali zinapozungukia zilikuwa na meno 26 kwa inchi, wakati viwanda vingine vingi vilitumia 24. Kampuni ilitaka ununue vipuri kwake tu. Kipuri kigeni hakiingii. Lakini hapa kilikuwa kimeingia. Fundi wa Kalokol alizungushia bati la mkebe, akagonga, akachomelea. Imezunguka miaka thelathini. Mkebe ulishinda Nottingham.

Nikamwambia mjomba nataka kuinunua.

"Utaifanyia nini?"

"Nitaitengeneza, irudi kama ilivyokuwa."

Akaikagua polepole, mbele mpaka nyuma. "Kwani imeharibika wapi?"

Nikakosa jibu. Nilikuwa nimeona takataka imeshikilia Raleigh, na yeye alikuwa akiniambia maisha yake kwa mpangilio wa miaka. Ningeirudisha ilivyotoka kiwandani ningekuwa nimefuta Lopiar, Kakuma na yule fundi, nibaki na chuma cheusi ambacho hakijawahi kufika Turkana.

Ila njaa ilikuwa bado ipo, na hadithi haimnunulii mtu unga. Kazi ya kubeba abiria na mizigo ilishachukuliwa. Boda boda ilianza kwa baiskeli huko Busia, mpakani na Uganda, na mwaka 2008 serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo, baiskeli zikaanza kusukumwa kando nchi nzima. Hakuna wa kumlipa mjomba kubeba gunia tena. Kwa hiyo nilirudisha kila nati mahali pake, nikauza vipuri vyangu kwa wagonjwa wenzangu Nairobi, nikamtumia pesa. Akanunua mbuzi wanne. Baiskeli inabeba mitungi ya maji siku hizi, wajukuu wakiisukuma.

Nembo ya korongo niliisahau huko. Nilipouliza kwenye simu, mjomba akacheka. Alimpa binamu yangu. Iko kwenye pikipiki yake, juu kidogo ya taa, imebandikwa kwa gundi ya tyubu.