Bunduki zinalia, muziki kimya: historia ya MIDI kwenye kompyuta za zamani

Leo najibu swali ambalo limeulizwa humu zaidi ya mara moja. Kwa nini gemu la zamani, tuseme Doom ya 1993, likiwekwa kwenye kompyuta ya enzi zake linatoa milio ya bunduki na milango, lakini muziki hakuna? Au muziki upo lakini umevurugika, filimbi inalia pale palipotakiwa ngoma? Vijana wengi wanamaliza haraka: kadi ya sauti imekufa, tupa. Mimi nasema mara nyingi kadi ni nzima kabisa. Shida ni vifaa viwili ambavyo havielewani, na mwenye kujua historia yao anajua pa kuanzia kutafuta.

Kwanza MIDI yenyewe. Faili la MIDI halina sauti ndani yake, hata kidogo. MP3 ni sauti iliyorekodiwa. MIDI ni maagizo tu: bonyeza noti namba 60, kwa nguvu kiasi hiki, kwa ala namba fulani, haya sasa iachie. Ni sawa na karatasi ya noti za kwaya. Karatasi haiimbi, wanaoimba ni watu, na ukiipa kwaya nyingine karatasi ile ile utasikia kitu kingine. Ndiyo maana wimbo mzima wa MIDI unaweza kuwa kilobaiti 30 tu, wakati MP3 yake inakula megabaiti 3 au 4. Flopi ya miaka ile ilibeba megabaiti 1.44. Watengenezaji wa gemu wangefanya nini?

Lakini MIDI haikuzaliwa kwa ajili ya gemu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila kampuni ya vinanda vya umeme ilikuwa na lugha yake, kinanda cha huyu hakiongei na cha yule. Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland ya Japani, na Dave Smith wa Sequential Circuits ya California, ndio waliosukuma zaidi ipatikane lugha moja. Januari 1983, kwenye maonyesho ya NAMM huko Marekani, Prophet-600 ya Smith iliunganishwa na Jupiter-6 ya Roland: ukipiga hiki, kile kinalia. Watu waliokuwa wanashindana sokoni! Waya wenyewe unapitisha biti 31,250 kwa sekunde na unabeba chaneli 16. Shikeni hiyo kasi kichwani, itatusaidia mbele.

Kompyuta ya IBM ya 1981, yenyewe, ilikuwa na kaspika kamoja ka ndani kanakotoa mlio mmoja kwa wakati mmoja. Piii, basi. Mwaka 1987 zikaja njia mbili tofauti. Huko Quebec, Kanada, Martin Prével, aliyekuwa profesa wa muziki, alitoa kadi ya AdLib yenye chipu ya Yamaha inayoitwa YM3812. Hiyo inaweza kutoa sauti 9 kwa pamoja, inazitengeneza yenyewe kwa hesabu za mawimbi, ndiyo maana piano yake inasikika kama kengele ya plastiki. Mwaka huo huo Roland ikatoa MT-32, kisanduku cha kukaa nje ya kompyuta, kitamu mno kwa sauti, na bei yake mamia ya dola. Mwaka 1988 kampuni ya Sierra ikatoa gemu la King's Quest IV lenye muziki wa William Goldstein, mtunzi aliyezoea filamu na televisheni, na watu wakaona kumbe kompyuta inaweza kuimba.

Halafu akaja Msingapore, Sim Wong Hoo, na kampuni yake Creative. Sound Blaster yao ya 1989 iliweka chipu ile ile ya AdLib, ikaongeza njia ya kucheza sauti zilizorekodiwa, ikaongeza na tundu la joistiki. Vitu vitatu kwenye kadi moja. AdLib ikafilisika 1992.

Hapo ndipo jibu letu lilipojificha. Kwenye kadi moja kuna barabara mbili. Bunduki inapita barabara ya sauti zilizorekodiwa. Muziki unapita barabara ya maagizo, na hiyo nayo inagawanyika: maagizo yanaweza kwenda kwenye chipu ya Yamaha ndani ya kadi, au yakatoka nje kupitia tundu la joistiki, ambalo lina pini 15 na linafanya kazi pia kama mlango wa MIDI. Kwa hiyo ukifungua SETUP ya Doom ukachagua "General MIDI" kwa kuwa jina ni zuri, na huko nje hukuchomeka kitu, muziki unapigwa kweli, ila unamwagika hewani. Rudi, chagua "Sound Blaster" upande wa muziki, utausikia. Nusu ya kesi zinaishia hapo.

Na kama kisanduku cha nje unacho? Angalia waya. OUT ya upande mmoja inaingia IN ya upande wa pili, siyo OUT kwa OUT. Halafu kumbuka kisanduku kina tundu lake la spika: sauti yake hairudi kwenye kadi yenyewe mpaka upeleke waya mwingine kwenye tundu la kuingizia sauti, na ufungue sauti hiyo kwenye mikisa. Baada ya hapo ndiyo uangalie namba. Kwenye faili la AUTOEXEC.BAT mara nyingi utakuta mstari kama SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 P330 T6. Ile A220 ni anwani ya kadi, I5 ni laini ya IRQ ambayo kadi inaitumia kuita prosesa, P330 ni mlango wa MIDI. Gemu likiambiwa namba tofauti na hizo, linagonga mlango ambao hauna mtu. Sound Blaster za kwanza zilitoka kiwandani zikiwa kwenye IRQ 7, laini ile ile ya printa. Fikiria wenyewe vurugu yake.

Mpaka hapo ni usumbufu mdogo. Kinachonivutia mimi ni migogoro ya vizazi. Mwaka 1984 Roland ilitoa kifaa cha kuunganisha MIDI na kompyuta, MPU-401, kilichokuwa na prosesa yake: kinahesabu muda chenyewe, kinajibu, kinasaidia kazi. Gemu za zamani zilikitegemea hivyo. Kadi za baadaye, pamoja na Sound Blaster 16 ya 1992, ziliiga ile hali yake nyepesi tu, ya kupitisha maagizo bila kufikiri. Basi gemu la zamani linauliza, linasubiri jibu, jibu haliji, kimya. Hakuna kilichoharibika. Siku hizi kuna programu ya bure, SoftMPU, inayojibu kwa niaba ya kadi, mradi kompyuta iwe 386 au zaidi.

Sound Blaster 16 ina ugonjwa mwingine, huu ni wake kweli. Kwenye matoleo kadhaa, hasa yenye namba 4.11 na 4.12, bunduki zikilia wakati muziki unatoka kwenye mlango wa MIDI, baadhi ya maagizo yanapotea. Likipotea agizo la "bonyeza", hutagundua. Likipotea la "iachie", noti inaganda, inalia uuuuu bila mwisho. Hapo usihangaike na mpangilio, tafuta kadi ya toleo lingine.

Na MT-32 za kwanza zina kumbukumbu ndogo ya kupokelea. Gemu likimwaga maagizo mengi mfululizo, kisanduku kinazidiwa na kioo chake kinaandika "Exc. Buffer overflow". Hapa kompyuta yenye kasi ndiyo mbaya. Dawa ni kuipunguza kasi, au kuiambia SoftMPU isubiri kidogo kati ya maagizo.

Filimbi mahali pa ngoma je? Kabla ya 1991 hapakuwa na makubaliano kwamba ala namba fulani ni nini. Mwaka huo General MIDI ikapanga: ala 128 zenye namba zisizobadilika, ngoma zikae chaneli ya 10. Roland ikatoa SC-55 inayofuata mpango huo. Orodha ya MT-32 ni nyingine kabisa. Gemu la 1989 likichezwa kwenye SC-55 linaita namba kwa orodha ya zamani, na linaletewa ala isiyo yake. Baya zaidi, gemu nyingi zilikuwa zinapakia sauti zao wenyewe ndani ya MT-32, na hizo SC-55 haizipokei hata ukiiweka kwenye hali ya kuiga MT-32. Ukitaka kusikia alichokusudia mtunzi, tafuta MT-32, au programu ya Munt inayoiiga kwenye kompyuta ya leo.

Siandiki haya kwa sababu ya gemu peke yake. Kwenye chumba chetu cha kompyuta kuna folda ya mafaili ya .mid ya mpiga kinanda wa kwaya moja ambaye amekwenda nchi ya tatu. Kijana mmoja aliyafungua, akasikia gitaa la kitoto na besi isiyoeleweka, akasema ni takataka, tufute tupate nafasi. Nilimzuia. Kinanda cha kanisa kina sauti zake za ziada, nje ya zile 128, na kompyuta isiyokuwa nazo inaweka ala ya karibu. Noti za yule kaka zote zimo, sauti ya kwanza mpaka ya nne, na pale ambapo waimbaji wanapumzika. Nyimbo zenyewe hazikuwahi kurekodiwa, na waliokuwa wanaziimba leo wako nchi tofauti. Tulichomeka kinanda, tukapeleka faili la kwanza kwenye kinanda chenyewe, na mama mmoja wa kwaya akaanza kuimba sauti ya pili kabla hatujamwambia ni wimbo gani.

Mafaili yako 14, matano tumeshayajaribu. Mwenye flopi au flashi yenye .mid za kwaya yoyote, au za gemu, alete Jumamosi saa nane mchana. Flashi zipimwe virusi kwanza, tafadhali sana.