Utelezi wa Pipa la Baba

Pipa lilikaa nyuma ya nyumba yetu ya reli hapa Manyoni, lita 200, likikinga maji ya paa. Baba alikuwa fundi wa njia, na kila aliporudi na garimoshi kutoka upande wa Bahi alileta ndoo ya samaki hai: kambale wawili watatu, na perege. Walikaa humo mpaka siku ya kitoweo. Ikifika Oktoba, joto likiwa limepanda, alfajiri ungewakuta perege wamejaa juu, midomo wazi, wakihema. Kambale walikuwa wametulia chini, maana kambale ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu. Baba alitazama nani anahema na nani ametulia, akajua maji yamepungukiwa hewa. Alichota kwa kopo na kumimina kutoka juu, tena na tena, mpaka perege wakashuka.

Samaki wa nchi yetu kavu waliandikwa vitabuni kabla ya reli. Mwaka 1890 Franz Stuhlmann, akiwa katika msafara wa Emin Pasha kwenda maziwa makuu, alipita Ziwa Chaya, magharibi ya Itigi, akaokota visamaki kwenye vidimbwi vya karibu. Mwaka uliofuata Franz Hilgendorf wa makumbusho ya Berlin akawapa jina. Leo wanaitwa Nothobranchius taeniopygus. Dimbwi likikauka hufa wote, lakini mayai yao hubaki hai ndani ya tope hadi masika. Utotoni tuliamini wameanguka na mvua. Maji yao ni mekundu kwa udongo, hata kiganja chako hukioni, nao humo wanakua, wanapendana, wanataga.

Kwa hiyo maji kuchafuka si kitu kimoja. Hili nililijua kwa hasara.

Nilipostaafu ualimu nilinunua Dodoma tangi la kioo la lita 60 na samaki wa dhahabu sita. Siku ya tatu maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele. Asubuhi ya nne wawili walikuwa wanaelea. Nikamwaga yote, nikasugua kokoto, nikakamua sifongo ya chujio chini ya bomba, nikajaza maji mapya, safi kabisa. Kesho yake jioni hakubaki hata mmoja. Niliumia sana, kwa sababu pampu ya hewa ilikuwa inafanya kazi usiku kucha na bado walikufa wakihema kama perege wa baba.

Robert Warington, mkemia wa London, mwaka 1850 alieleza jinsi alivyofuga samaki wa dhahabu pamoja na mmea wa majini na konokono: samaki wanapumua, mmea unarudisha hewa, konokono wanakula vinavyooza. Ufugaji wa samaki ndani ya kioo ulienea kutokana na hesabu hiyo. Lakini hesabu hiyo ilipungukiwa na kitu. Mwaka ule ule wa 1890, Stuhlmann akiwa Chaya, Mrusi Sergei Winogradsky alikuwa Zürich akitenga bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti; wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti. Amonia hutoka kwa samaki mwenyewe na kwa chakula kinachooza. Huunguza matamvua, wala haionekani. Naitraiti nayo huharibu damu isibebe hewa. Matamvua yakiungua au damu ikiharibika, pampu haisaidii. Ule weupe ulikuwa bakteria wa namna nyingine, wamezaliana ghafla kwa chakula nilichozidisha. Wale wa Winogradsky hukua polepole, wamejishika kwenye kokoto na sifongo. Hao ndio niliowasugua na kuwakamua, kisha nikawamiminia klorini ya bomba.

Nilianza upya. Maji yalilala kwenye ndoo wazi siku nzima. Nikatia chembe za chakula tangini bila samaki, nikasubiri wiki 6, kisha wakaingia wawili tu. Sifongo naisuuza kwa maji niliyochota humo humo tangini.

Mama alikuwa akiacha maziwa kidogo ndani ya kibuyu ili ya kesho yagande. Baba naye alitukataza kabisa kusugua ule utelezi wa ukutani mwa pipa, wala hakutueleza sababu. Juzi nilipitisha kidole kwenye kioo, upande wa nyuma, nikaukuta umeanza.