Kuku Waliotangulia Kutibiwa

Mfugaji wa Matemwe, Unguja, sawa na wenziwe wa kwingi Afrika Mashariki, aonapo kuku wake wamejikunyata na kuharisha, aghalabu hukimbilia duka la dawa za mifugo, akarudi na pakiti ya antibiotiki ya unga, akaikoroga katika maji, wazima na wagonjwa wakanywa pamoja. Na ada hiyo, iliyoenea ulimwenguni, ni miongoni mwa mambo yaliyowapa bakteria fursa ya kuizoea dawa hata isifue dafu mbele yao.

Tiba inayotazamiwa leo kuziba pengo la dawa zilizoshindwa, ya kutumia virusi vinavyowaua bakteria, ni kongwe kuliko penisilini, na kuku walitibiwa nayo kabla ya wanadamu. Frederick Twort wa London aliona athari za virusi hivyo mwaka 1915, lakini aliyeishikilia kadhia hiyo hata mwisho ni Félix d'Hérelle wa Taasisi ya Pasteur, Paris, mtu asiyekuwa na shahada yoyote ya udaktari, ambaye, akichunguza vinyesi vya askari waliougua kuhara damu, aliona katika visahani vyake, juu ya utando mweupe wa bakteria, madoa maangavu, kana kwamba nondo wametoboa shuka. Alitangaza habari hiyo mwaka 1917, akaviita bakteriofaji. Mwaka 1919, homa ya matumbo ilipofyeka kuku mkoani Aube, Ufaransa, aliwapa bakteriofaji, vifo vikapungua. Ndipo mwaka huohuo, baada ya kuinywa dawa yeye mwenyewe (ujasiri ambao kamati za maadili za leo zisingeuridhia), akamtibu mtoto wa miaka 12 hospitalini Paris.

Antibiotiki zikaja, Magharibi ikaisahau tiba hiyo, ingawa ilidumu kwingine, kama Tbilisi, Georgia. Mwaka 1982 na 1983 Williams Smith na Huggins wa Houghton, Uingereza, waliifufua kwa panya, ndama, kondoo na nguruwe wachanga.

Kwetu, wataalamu wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) jijini Nairobi, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Laval, Kanada, penye hazina ya bakteriofaji yenye jina la d'Hérelle, wamevitafuta katika mashamba ya kuku ya Kenya vile vinavyowaua bakteria wa salmonela. Ila kwa kawaida kila bakteriofaji ina bakteria wake iliyemchagua, wala haimgusi mwingine. Kwa hiyo huchanganywa kadhaa, na mchanganyiko uliofaa Kenya hauna budi kupimwa kwanza kwa salmonela waliotolewa katika vinyesi vya kuku wa Unguja, kabla haujatiwa katika maji ya kuku wa Matemwe.