Kiatu cha kompyuta na mama wa mtungi

Wasee, leo tuongee miguu. Kila mtu mtandaoni anasifia viatu vyenye vihisi: kidude ndani ya soli kinapima kisigino kimegusa chini lini, uzito umeegemea wapi, hatua ni ndefu kiasi gani, halafu namba zinaingia kwa simu yako. Watu wanaongea kana kwamba sisi tunangoja tu kupokea. Zii. Historia ya kupima mwendo wa binadamu ilipitia hapa Nairobi.

Rudi 1986. Puma walitoa RS-Computer, kiatu chenye kompyuta kisiginoni. Ukimaliza mbio unakiunganisha na kompyuta ya nyumbani, unaonyeshwa umbali, muda na nguvu ulizochoma. Mwaka huo huo jarida la Nature likachapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake. Walipima oksijeni wanayotumia wanawake Waluo, wanaobeba kichwani, na Wakikuyu, wanaobeba mgongoni kwa kamba inayopita kichwani. Hadi mzigo wa asilimia 20 ya uzito wa mwili, hawakutumia nguvu yoyote ya ziada. Mama wa kilo 60 anabeba kilo 12 bure!

1995, Norman Heglund na wenzake wakaeleza kwa nini. Ukitembea, mwili unabembea kama timazi, unapanda na kushuka kila hatua, na nguvu fulani inapotea hapo katikati. Wale wamama wakibeba mzigo, walipoteza kidogo kuliko sisi wengine.

Utafiti noma, lakini hadithi ya "mama Mwafrika hachoki" inanikera. Piga hesabu. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20 za maji, mtungi wenyewe bado. Ili huo mzigo uwe bure, lazima uwe na kilo 100. Wamama ninaowaona Kibera wakitoka kwa bomba hawana kilo 100. Wanalipa kila hatua. Na waliopimwa walikuwa wachache, sehemu tambarare, bila matope, mtaro wazi wala nduthi inayokupigia honi mgongoni.

Ndio maana kiatu kinachopima mtu katika maisha ya kawaida kina maana kwangu. Asubuhi watu wanafuata reli kutoka Kibera hadi Industrial Area kwa mguu. Kawangware, mama fua anaenda Lavington na vijana wa mjengo wanashuka Kileleshwa, juu nauli ya 46 ni chakula cha jioni. Zile hatua 10,000 tunazoambiwa tufikishe zilianza na kifaa kilichouzwa Japani 1965, jina lake tu lilimaanisha mita ya hatua 10,000. Ilikuwa biashara. Mtu wa mjengo hahitaji kupongezwa na simu. Anahitaji kujua kama goti linaanza kuharibika kabla halijamfungia kazi.

Lakini pia tukumbuke, kuna mtu aliwahi kufuatilia mwendo wetu. Sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ililazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande, wengi wakikitundika shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Ukitoroka kazi bila sahihi ya mwajiri, unasakwa. Kwa hivyo mtu akija mtaani na viatu vya bure vyenye vihisi, swali langu la kwanza ni namba zinaenda kwa nani.

Mimi ningezipeleka City Hall. Sera ya kaunti ya 2015 kuhusu watembea kwa miguu na baiskeli iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri. Ramani ya mahali miguu inateleza, inasimama na kuruka mtaro ni ngumu kubishana nayo. Vipimo vianze siku ya mvua, saa kumi na moja alfajiri, pale relini Kibera, na mwenye kiatu abaki na nakala yake.