Kichwa cha Treni Kilichorudi Bila Mwenyewe

Injini ya dizeli ina udhaifu mmoja wa kuzaliwa nao: haiwezi kuanza safari ikiwa tayari imefungwa mzigo. Kichwa cha treni cha mvuke kina akiba. Moto umewaka tangu alfajiri, boila imejaa, na hata magurudumu yakiwa yamesimama tuli, nguvu ipo ndani inangoja valvu ifunguliwe. Dizeli haina akiba hiyo. Lazima kwanza izunguke, tena kwa kasi ya kutosha, ndipo izae nguvu. Ukiifunga moja kwa moja kwenye magurudumu ya treni yenye uzito wa tani elfu moja, itazimika kabla treni haijasogea hata shubiri.

Rudolf Diesel mwenyewe aligongana na ukuta huo. Yeye, mhandisi Adolf Klose na kampuni ya Sulzer ya Uswisi walitengeneza kichwa cha treni ambacho injini yake ilishikana na magurudumu moja kwa moja. Kilianza majaribio mwaka 1912. Ili kiondoke kituoni, kilihitaji kusukumwa kwanza na hewa iliyoshindiliwa. Hakikufika popote pa maana. Septemba 1913, Diesel alitoweka usiku kutoka kwenye meli ya Dresden akiwa safarini kwenda Uingereza, na tatizo akaliacha pale pale.

Jibu lilikuwa tayari linaelea majini. Mwaka 1903 kampuni ya mafuta ya ndugu wa Nobel, iliyochota utajiri wake Baku, ilizindua nchini Urusi meli ya mtoni iitwayo Vandal. Ndani yake dizeli haikugusa panga la kusukuma meli hata kidogo. Ilizungusha jenereta, jenereta ikazalisha umeme, na umeme ukaendesha mota. Dizeli iliweza kuzunguka kwa raha zake, huku mota za umeme, ambazo hazina shida ya kuanza na mzigo, zikifanya kazi ngumu. Mpangilio huo ndio unaovuta treni za mizigo za Reli ya Kati kuelekea Kigoma hadi leo. Lakini kuutoa mtoni na kuupandisha relini kulichukua zaidi ya miaka ishirini, na aliyefanikisha hilo alilipa kwa nchi yake.

Jina lake Yury Lomonosov. Asichanganywe na Mikhail Lomonosov, mwanasayansi wa karne ya 18. Huyu alizaliwa mwaka 1876, akasomea uhandisi wa reli, akafundisha Kyiv, na akajijengea sifa kwa kuvipima vichwa vya treni kama daktari anavyopima wagonjwa: mafuta kiasi gani, maji kiasi gani, nguvu kiasi gani, kwenye mlima upi. Baadaye alipelekwa kusimamia vichwa vya treni kwenye reli ya Tashkent, inayokatiza nyika kavu za Asia ya Kati.

Huko ndiko wazo lilikomuingia. Kichwa cha mvuke kinakunywa maji kuliko kinavyokula kuni au mafuta. Katika nyika zile maji yalikuwa haba, na yaliyopatikana yalikuwa na chumvi iliyoacha ukoko ndani ya boila hadi mabomba yakaharibika. Mashine isiyohitaji boila haikuwa anasa mahali kama hapo. Lomonosov akaanza kupigania kichwa cha dizeli. Mipango ilikuwapo kabla ya 1914, vita ikaifuta.

Kisha yakaja mapinduzi, naye hakukaa pembeni. Februari 1917 alikuwa ndani ya Wizara ya Uchukuzi mjini Petrograd, miongoni mwa watu waliotumia telegrafu za reli kufuatilia na kuzuia treni ya Mfalme Nikolai wa Pili isifike alikotaka. Baadaye akapelekwa Marekani kwa ununuzi wa vifaa vya reli. Mwaka 1919 akarudi na kuwatumikia Wabolsheviki. Hakuwa mwanachama wao. Alikuwa mtaalamu, na chama kilikuwa kinawahitaji wataalamu kuliko kilivyokuwa tayari kukiri.

Reli ya Urusi wakati huo ilikuwa maiti. Mwaka 1921 na 1922 njaa iliua mamilioni ya watu, hasa bonde la Volga, na sehemu ya msiba huo ilikuwa kwamba hata nafaka ilipopatikana, vichwa vya kuivuta havikuwapo. Lenin akamkabidhi Lomonosov kazi ya kununua vichwa nje kwa dhahabu ya taifa. Hatimaye 500 vilitoka Sweden na 700 Ujerumani, vyote vya mvuke, vyote vya aina moja, daraja E. Wakosoaji nyumbani waliuliza kwa nini dhahabu iende nje wakati viwanda vya Urusi vyenyewe vimelala bila kazi. Swali hilo halijazeeka. Yeyote anayefuatilia mikataba ya treni katika nchi zetu amewahi kulisikia.

Chini ya kivuli cha mikataba hiyo mikubwa, Lomonosov alichomeka ndoto yake ya zamani. Januari 1922 serikali ya Kisovieti iliamua rasmi kwamba vichwa vya dizeli vijengwe, na Lenin, ambaye afya yake ilikuwa imeanza kuyumba, aliunga mkono. Timu mbili zikaingia kazini. Moja ilibaki Petrograd chini ya Yakov Gakkel, mtu aliyewahi kubuni ndege. Nyingine, ya Lomonosov, ilifanya kazi Ujerumani, katika kiwanda cha Esslingen karibu na Stuttgart.

Timu zote mbili zilitumia injini za ukoo wa nyambizi. Nguvu kubwa ndani ya nafasi ndogo ilikuwa imeshasumbua vichwa vya majeshi ya majini, nao walikuwa wamelipata jibu. Gakkel alichukua injini ya Vickers yenye nguvu za farasi 1000. Lomonosov alipata ya MAN, yenye nguvu za farasi 1200. Mkataba wa Versailles ulikuwa umewakataza Wajerumani kumiliki nyambizi. Injini iliyobuniwa kwa ajili ya vita ikapewa kazi ya kuvuta mizigo kwa Warusi. Umeme ulitoka kwa Brown Boveri ya Uswisi: jenereta moja na mota tano, kila mota na ekseli yake. Jumla kichwa kilikuwa na uzito wa takriban tani 120, na kasi yake haikuzidi kilomita 50 kwa saa.

Mwezi Novemba 1924 kilijaribiwa pale Esslingen mbele ya wataalamu wa Kisovieti na wa kigeni, magurudumu yakizunguka juu ya roli ndani ya kiwanda, kwa mtindo ule ule wa Lomonosov wa kupima kila tone. Kando yake, kwa ajili ya kulinganisha, kiliwekwa kichwa cha mvuke cha daraja E. Matokeo hayakuhitaji hotuba. Kichwa cha mvuke kiligeuza chini ya sehemu moja ya kumi ya nishati ya mafuta yake kuwa kazi. Cha dizeli kiligeuza karibu robo.

Lenin hakuyaona. Alikuwa amefariki Januari mwaka huo huo.

Kichwa kilisafirishwa hadi Latvia, kikavalishwa magurudumu ya njia pana ya Kirusi, kisha kikaingia Moscow tarehe 23 Januari 1925. Cha Gakkel kilikuwa kimewasili siku chache kabla. Kuanzia hapo ukaanza ubishi ambao mashabiki wa reli hawajaumaliza mpaka leo: kipi cha kwanza? Cha Gakkel kilitoka kwenye njia kuu Novemba 1924, siku zile zile za majaribio ya Esslingen. Lakini kilichoka haraka. Mwaka 1927 kiliondolewa kwenye kazi ya kuvuta treni, kikawa mtambo wa kuzalishia umeme. Cha Lomonosov kiliendelea kuvuta.

Hata namba zao zinabishana. Mwanzoni cha Lomonosov kilikuwa na alama ya 001 na cha Gakkel 002. Zilipobadilishwa, cha Gakkel kikaitwa Shchel1 na cha Lomonosov kikaitwa Eel2. Jina hilo lina maana yake: kichwa chenye nguvu sawa na daraja E la mvuke, kinachotumia umeme, namba mbili. Aliyekuwa wa kwanza kwenye karatasi akawa wa pili kwenye chuma.

Lomonosov mwenyewe alibaki Ujerumani kumalizia kichwa kingine, hiki kikitumia giaboksi badala ya umeme, kilichojengwa Düsseldorf. Kazi ilipokwisha, aliitwa nyumbani. Hakwenda. Maswali kuhusu dhahabu na mikataba yalikuwa yanarudi, na waliomlinda walikuwa wamekufa au wamepoteza nguvu. Ni rahisi kumwita msaliti au mwoga mpaka uangalie kilichowapata waliobaki. Mwaka 1928 wahandisi wa migodi ya Shakhty walipandishwa kizimbani kwa madai ya hujuma. Mwaka 1929 Nikolai von Meck, mtu wa reli aliyekubali kuitumikia serikali mpya kama Lomonosov alivyoitumikia, alipigwa risasi.

Mashine ikabaki bila mwenyewe, ikapelekwa kusini, Asia ya Kati, kwenye reli ya Ashkhabad pembezoni mwa jangwa la Karakum. Ni ukanda ule ule mkavu ambako wazo lake lilikuwa limezaliwa. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1930 kiwanda cha Kolomna, karibu na Moscow, kilijenga wadogo zake, na daraja zima likaitwa Eel. Haikuwa familia kubwa, wala haikuwa na afya njema siku zote. Kupoza injini katika joto la jangwa kulisumbua. Vipuri vilikuwa adimu. Fundi aliyekulia kwenye moto na mvuke hakugeuka kuwa fundi wa umeme kwa amri ya wizara. Hata hivyo vilivuta treni mahali ambapo mvuke ulikufa kwa kiu.

Mwaka 1937 Umoja wa Kisovieti uliamua kuacha kujenga vichwa vya dizeli vya njia kuu. Sababu za kiufundi zilikuwapo, nazo si za kubeza: vilikuwa vigumu kutunza, na nchi ilihitaji vichwa kwa maelfu, si kwa makumi. Kwa maeneo makavu zikatengenezwa mashine za mvuke zenye tenda kubwa ya kuugeuza mvuke uliotumika kuwa maji tena. Lakini 1937 ulikuwa pia mwaka ambao mhandisi aliyekiri tatizo la mashine yake angeweza kuulizwa ni nani aliyemtuma. Teknolojia changa hukua kwa watu kusema wazi kilichoharibika. Katika mwaka huo kusema hivyo kulikuwa hatari, na dizeli ilikuwa na mengi ya kusemwa.

Wakati huo huo Marekani haikusimama. Wao walianza na vichwa vidogo vya kupanga mabehewa, wakavirekebisha mwaka hadi mwaka, na kufikia vita ya pili walikuwa wanavitoa viwandani kama magari. Mwaka 1945 Wasovieti walipokea vichwa vya dizeli vya ALCO kutoka Marekani kama msaada wa vita. Walivichunguza, wakavinakili, na mwaka 1947 kiwanda cha Kharkiv kikatoa TE1. Nchi iliyokuwa na kichwa cha dizeli-umeme kinachofanya kazi tangu 1924 ikajifunza upya kutoka kwa mfano wa kigeni.

Baada ya TE1 ikaja TE3 katika miaka ya 1950. China ikaichukua TE3 kama kiolezo cha dizeli zake za mwanzo, ukoo wa Dongfeng, yaani Upepo wa Mashariki. Ndugu wa mbali wa ukoo huo, wenye alama za DF, ndio waliovuta treni za kwanza za SGR ya Kenya kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Ukifuata nasaba hiyo kurudi nyuma, kutoka Mombasa utafika Kharkiv, na kutoka Kharkiv utavuka bahari hadi Marekani. Njia haipiti Esslingen. Mlango uliofunguliwa pale ulifungwa kwa ndani, na waliokuja baadaye waliingilia dirishani.

Lomonosov aliishi uhamishoni Ulaya na Amerika Kaskazini, akafariki Montreal, Kanada, mwaka 1952. Eel2 ilikuwa bado kazini. Iliondolewa relini mwaka 1954, baada ya karibu miaka thelathini, na haikuhifadhiwa. Aliyetaka kuona mwanzo wa dizeli-umeme nchini Urusi alionyeshwa Shchel1, kile cha Gakkel, kilichochoka baada ya miaka mitatu, na ambacho bado kipo, kimepakwa rangi, kikiwa na namba moja ubavuni.