Mwaka wa Vitabu, Mwaka wa Ukwangala

Sisi wa Kyela mwaka huwa tunaupima kwa mpunga: kulima, kupanda, kuvuna, kukoboa, kuuza. Mwaka jana mimi niliupima kwa vitabu. Mchana nilikuwa kwenye mashine ya kukoboa, vumbi la pumba mpaka kwenye kope, usiku, kitabu. Washikaji wakawa wananitania, "We bwana, unasomea cheo gani?" Nikawajibu kwamba nina swali moja tu: walioandika habari za mwambao wetu huu, kuanzia mto Songwe mpaka Matema, walimsikiliza nani?

Nilianza na Joseph Thomson. Huyu alikuwa kijana wa Kiskoti wa miaka 21 tu, umri wa wengi wetu hapa kijiweni. Mwaka 1879 mkuu wa msafara wao, Keith Johnston, alifia njiani huko Behobeho, naye Thomson akaubeba msafara mpaka kichwani mwa Ziwa Nyasa. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1881. Anaisifu nchi yetu kweli kweli: migomba, nyumba safi, viwanja vilivyofagiliwa. Nilisoma nikitabasamu, maana ni kwetu kabisa. Lakini Thomson alikuwa mpita njia, na mpita njia huona uwanja uliofagiliwa bila kumwona aliyeufagia.

Nikaingia vita vya Karonga. Mwaka 1887, ng'ambo ya Songwe, Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliwashambulia Wangonde, ambao ni ndugu zetu wa lugha na mila. Mwaka uliofuata Frederick Lugard, ofisa wa Kiingereza, alijeruhiwa akijaribu kuivunja boma ya upande wa Mlozi. Vita havikwisha mpaka Desemba 1895, Harry Johnston alipoiteka boma ya Mlozi na Mlozi akanyongwa. Lugard aliyasimulia mambo yake katika kitabu cha mwaka 1893. Katika masimulizi ya namna hiyo wakubwa wana majina, vyeo na majeraha. Wangonde wengi waliouawa hawana hata jina. Wamekufa kwa kundi na wameandikwa kwa kundi.

Aprili mvua ikatuchezea. Maji yakaja mpaka mlangoni, tukapanga magunia juu ya meza na vitabu juu ya magunia. Usiku ule, chini ya kandili, nilikuwa nasoma habari za wamisionari. Walifika mwaka 1891, Wamoravian wakaanzia Rungwe, na wenzao wa Misheni ya Berlin nao wakaingia nchi hii mwaka huo huo. Wajerumani walikuwa wakituita Wakonde. Jina la Kyala, ambaye wazee wetu walimjua kama shujaa wa kale, wakalichukua kuwa jina la Mungu. Kila Jumapili tunalitamka, na wangapi kati yetu wanajua safari ya neno hilo? Barua na ripoti za Wamoravian zimehifadhiwa Herrnhut, Ujerumani. Mbali, jamani!

Katikati ya mwaka nikasoma hadithi ili kupumzika, kumbe nazo zikanirudisha kwenye swali langu. James Mbotela, katika *Uhuru wa Watumwa* cha mwaka 1934, alisimulia kwa Kiswahili safari ya watu waliotekwa bara na kuishia Freretown, Mombasa. Euphrase Kezilahabi aliiandika Ukerewe yake, kisiwa cha Ziwa Victoria, katika *Rosa Mistika* mwaka 1971. Hawa hawakungoja mpita njia awasimulie kwao. Walishika kalamu.

Ndipo nikafika kwa Godfrey na Monica Wilson. Hawa walikaa Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, wakajifunza lugha. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica akaendelea kuandika peke yake, na mwaka 1951 akatoa kitabu kikubwa kiitwacho *Good Company*. Jina hilo limetokana na neno letu wenyewe: ukwangala. Ukwangala ni raha ya kuwa pamoja na wenzako wa rika, mkila, mkinywa na kuzungumza. Kwa maelezo ya kitabu, ndiyo sababu vijana wa rika moja walijenga kijiji chao, na mtu alipata akili kwa kukaa na wenzake. Wataalamu waliofuata wamehoji kama vijiji vya rika vilikuwa nadhifu kiasi hicho. Sawa. Lakini neno ukwangala halikubuniwa na mtu wa London.

Hapo nikagundua jambo lililonikalia moyoni mwaka mzima. Kitabu kile ni mazungumzo. Godfrey alikuwa na karani, Leonard Mwaisumo, mtu wa huku huku, aliyetafsiri na kuandika. Ilipita miaka mingi kabla wanahistoria hawajaanza kumpa haki yake. Mwaka 2013 kilitoka kitabu kizima kuhusu Monica Wilson na wakalimani wake. Madaftari ya kazi ile yako Chuo Kikuu cha Cape Town. Yaani maneno ya mababu zetu yalitoka vinywani mwao wakiwa barazani, yakaenda Afrika Kusini, yakageuka Kiingereza, nasi tunayanunua.

Basi nikaamua kuyarudisha barazani. Jioni, mashine ikizimwa, nilikaa na washikaji nikiwasomea ukurasa mmoja mmoja, natafsiri papo hapo. Wiki ya kwanza walicheka. Ya pili wakaanza kubisha. Ya tatu wazee wawili wakasogeza viti.

Mkali kuliko wote alikuwa Bibi. Yeye alijifunza kusoma ukubwani, katika zile darasa za ngumbaru. Vijana wa leo huenda hawajui: sensa ya 1967 ilionyesha kwamba watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma, na Serikali ikautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Bibi alisikiliza habari za vijiji vya rika, akatikisa kichwa.

"Mjukuu wangu, hayo ni ya wanaume. Na sisi je? Mama yangu alikuwa na wenzake wa kuchota maji ziwani, wa kupalilia, wa kulia msibani. Huo haukuwa ukwangala?"

Monica Wilson mwenyewe alirudi kwenye uhusiano wa wanaume na wanawake katika kitabu chake cha mwaka 1977. Lakini Bibi hakusubiri kitabu. Akasema, nikaandika. Kila jioni kidogo, kwa Kinyakyusa, na tafsiri ya Kiswahili chini yake: majina ya wale wanawake, nani alikuwa shoga wa nani, walivyogawana usipa, wimbo upi ulikatazwa mbele ya wakwe. Mwezi wa kumi Bibi akatutoka. Daftari lilikuwa limefika ukurasa wa 31.

Wenzangu mnaotaka kuwa waandishi, mwaka ule niliwasoma wakubwa wote hao, na sijutii hata ukurasa mmoja. Thomson asomwe, Lugard asomwe, Wilson asomwe mara mbili. Lakini kurasa zile 31 hazipo Herrnhut wala Cape Town. Zipo kwenye sanduku la bati, Kyela, na aliyezisema anajulikana kwa jina lake.

Kila mmoja wetu ana mzee nyumbani na daftari halina bei kubwa. Andika tarehe. Andika jina la msemaji, andika na lako. Akibisha, andika na ubishi wake. Kisha wasomee watu barazani kabla hujaleta gazetini, maana wao ndio watakaokuambia ulipopotosha.